Baraza Lililojifunga Mikono

Simeon ben Shetach, hakimu mashuhuri wa Yerusalemu mwanzoni mwa karne ya kwanza kabla ya Kristo, alimwona mtu akimkimbiza mwenzake hadi ndani ya gofu la nyumba. Akawafuata mbio. Alipoingia alimkuta wa kwanza ameshika upanga unaochuruzika damu, na wa pili yuko chini anatapatapa, roho ikimtoka. Mtu wa nne hakuwepo. Kwa mujibu wa Talmudi, Simeon alimgeukia mwenye upanga akamwambia kwamba muuaji ni mmoja kati yao wawili, na wote wawili wanajua ni yupi. Ila yeye hakimu hana la kumfanya, kwa kuwa Torati inataka mashahidi wawili na aliyeona ni mmoja tu. Akamwachia Mungu. Wanasimulia kwamba hawakuondoka pale kabla nyoka hajatokea na kumgonga muuaji yule, akafa.

Huyo nyoka tusimpite haraka. Waliosimulia kisa hiki hawakuwa na shaka hata chembe kwamba mtu yule ameua, wala hawakumhurumia. Walichokikataa ni kwamba hakika ya mtu mmoja, hata awe hakimu, hata awe ameona damu kwa macho yake, iwe kibali cha kuua. Haki ilipaswa kutendeka, na katika kisa ilitendeka, lakini haikupitia mahakamani.

Anayeisoma Torati hategemei jambo kama hilo. Humo kifo kimeagizwa bila kigugumizi: kwa muuaji, kwa mzinzi, kwa mwabudu sanamu, kwa mchawi, kwa aliyemlaani baba au mama, kwa aliyefanya kazi siku ya Sabato. Marabi wa karne za kwanza baada ya Kristo waliamini kila herufi ya Torati imetoka kwa Mungu, kwa hiyo kufuta adhabu lilikuwa jambo lisilofikirika. Waliipokea yote. Wakaipanga katika njia nne, yaani kupigwa mawe, kuchomwa, upanga na kunyongwa, wakabishana ipi ni kali kuliko ipi. Kisha wakahamia kwenye maswali ambayo Torati iliyagusa kwa maneno machache: nani ahukumu, kwa ushahidi gani, kwa hatua zipi. Huko ndiko walikomaliza nguvu zao. Kazi yao tunaisoma katika Mishna, mkusanyo wa sheria uliopangwa Galilaya yapata mwaka 200 chini ya Rabi Yehuda ha-Nasi, hasa vitabu vyake viwili viitwavyo Sanhedrin na Makkot, na katika Talmudi ya Babeli iliyoifafanua Mishna hiyo karne tatu nne baadaye.

Kesi ya fedha iliamuliwa na mahakimu 3. Kesi ya roho ilitaka 23. Jinsi hesabu hii ilivyopatikana inatuonyesha vichwa vya watu hawa. Torati, walisema, inataja kusanyiko linalohukumu na kusanyiko linalookoa. Kusanyiko ni watu kumi, kwa sababu wapelelezi waliotumwa na Musa Kanaani walikuwa 12, na ukiwaondoa Yoshua na Kalebu waliobaki waaminifu, wanabaki kumi ambao Mungu aliwaita kusanyiko ovu. Kumi wa kuhukumu na kumi wa kuokoa ni 20. Kumtia mtu hatiani kunahitaji wingi wa sauti mbili, basi 22. Na mahakama isiwe ya idadi shufwa, basi 23. Mtu anaweza kucheka hesabu hiyo, nami nimecheka. Lakini angalia ilikoegemea: katika kila mahakama ya roho lazima viwepo viti vya kutosha kwa ajili ya kuokoa.

Mzee wa kupindukia hakuteuliwa kukaa kwenye baraza hilo, wala mtu asiye na watoto, kwa hofu kwamba wamesahau au hawajawahi kuonja uchungu wa kulea na hivyo huruma yao ni haba. Na mteule alitakiwa awe hodari wa hoja kiasi cha kuweza kuthibitisha, kwa kutumia Torati yenyewe, kwamba mnyama atambaaye ambaye Torati imemtaja kuwa najisi ni safi. Kwa kazi yoyote nyingine sifa hiyo ingekuwa ya tapeli. Hapa ilitakiwa kwa sababu anayeketi kumhukumu mtu kufa awe na uwezo wa kumtafutia njia hata pale ambapo njia haionekani.

Mjadala ulianza na hoja za kumwachia. Mahakimu wadogo walisema kwanza, ili wasije wakalazimika kumpinga mkubwa wao. Mbele ya baraza walikaa wanafunzi kwa safu tatu; mwanafunzi akisema ana hoja ya kumtetea mshtakiwa, alipandishwa akaketishwa pamoja na mahakimu, lakini akisema ana hoja ya kumtia hatiani alinyamazishwa. Hakimu aliyekwisha kutetea hakuruhusiwa kugeuka akashtaki. Aliyeshtaki aliruhusiwa kugeuka akatetea. Wingi wa sauti moja ulitosha kumwachia mtu, na aliachiwa siku hiyo hiyo. Kama mwelekeo ulikuwa wa hatia, hukumu ilisubiri kesho yake, ndiyo maana kesi za roho hazikusikilizwa mkesha wa Sabato wala wa sikukuu. Usiku huo mahakimu walikaa wawili wawili, wakila kidogo, bila kugusa divai, wakiirudia kesi mpaka asubuhi.

Halafu kuna kanuni inayowashangaza wanasheria mpaka leo. Rav Kahana, mwalimu wa Babeli, anatajwa kusema kwamba mahakimu wote wakimwona mshtakiwa ana hatia, bila hata mmoja kupinga, anaachiwa. Talmudi inaeleza kwamba ule usiku wa kungoja umewekwa ili itafutwe hoja ya kumtetea, na hawa hawataiona tena. Mimi naisoma hivi: watu 23 wenye akili kali, waliochaguliwa kwa ustadi wao wa kutetea hata kisichoteteka, wakikubaliana moja kwa moja, basi kuna kitu hawakukitafuta.

Mashahidi nao hawakupewa nafasi ya kupumua. Walianza kwa kutishwa. Waliambiwa kwamba kesi ya roho si kama ya fedha. Mtu akikosea katika ya fedha anaweza kurudisha, lakini hapa damu ya anayeuawa bila haki, na ya wazao wake wote ambao wangezaliwa, itamning'inia shahidi milele. Walikumbushwa kwamba Adamu aliumbwa peke yake, ili ijulikane kuwa anayeiangamiza nafsi moja ni kana kwamba ameangamiza ulimwengu mzima. Msomaji Mwislamu amekwisha kulitambua fundisho hilo: Kurani inalitaja katika sura ya Al-Maida, aya ya 32, na inasema wazi kwamba ni agizo walilopewa Wana wa Israeli.

Baada ya vitisho yalikuja maswali, kila shahidi peke yake: mzunguko upi wa miaka saba, mwaka upi, mwezi upi, tarehe ipi, siku gani ya juma, saa ngapi, mahali gani. Kisha ya ziada, bila kikomo. Anakumbukwa Ben Zakkai, aliyewabana mashahidi wa mauaji yaliyotokea chini ya mtini kwa kuwauliza kuhusu vikonyo vya tini zake. Wakitofautiana, ushahidi wao ulivunjika.

Lakini kikwazo kikubwa kuliko vyote kilikuwa onyo. Haikutosha watu wawili kuona uhalifu. Ilibidi mhalifu awe ameonywa papo hapo, kabla tu ya kutenda, kwamba jambo hili limekatazwa na adhabu yake ni kifo cha namna fulani. Na haikutosha aonywe. Ilibidi ajibu kwamba anajua, na hata hivyo anatenda. Ni muuaji gani husimama kujibizana hivyo huku upanga uko mkononi? Ungamo lake la baadaye halikuwa na thamani yoyote. Musa bin Maimun, mwanasheria na tabibu aliyezaliwa Kordoba mwaka 1138 na kufia Misri mwaka 1204, ambaye Ulaya humwita Maimonides, alitoa sababu ambayo daktari wa akili wa leo angeielewa: huenda anayekiri ni mmoja wa wale waliochoka na maisha, wanaojichoma panga na kujitupa kutoka juu ya dari, naye amekuja kukiri asichokitenda ili auawe. Mahakama Kuu ya Marekani ilimtaja Maimonides katika tanbihi ya hukumu ya Miranda ya mwaka 1966, ile iliyowalazimu polisi wa nchi hiyo kumwambia mtuhumiwa kwamba ana haki ya kunyamaza. Maimonides huyo huyo aliandika kuwa afadhali kuwaachia wenye hatia elfu moja kuliko kumuua asiye na hatia mmoja.

Tuseme vikwazo vyote vimevukwa, na mtu anapelekwa kuuawa. Bado. Mtu mmoja alisimama mlangoni pa mahakama na kitambaa mkononi, na mpanda farasi akakaa mbali kidogo, ila asimpoteze machoni. Yeyote akija na hoja mpya, kitambaa kilipeperushwa na farasi akatimua mbio kusimamisha msafara. Mpiga mbiu alitangulia mbele akitaja jina la mtu huyo, kosa lake na majina ya mashahidi wake, na kumwita kila mwenye neno la kumtetea. Hata mshtakiwa mwenyewe akisema amekumbuka kitu, alirudishwa, mara nne, mara tano, alimradi maneno yake yana uzito. Karibu na mwisho alinyweshwa divai yenye ubani ili akili imlegee. Na waliotupa mawe kwanza walikuwa mashahidi wenyewe, kwa mikono ile ile waliyoinyoosha kumshtaki.

Sasa swali ambalo msomaji amekuwa nalo tangu kurasa mbili nyuma: mahakama ya namna hii iliwahi kumuua nani? Marabi wenyewe walijiuliza. Mishna inasema baraza linaloua mara moja katika miaka saba linaitwa haribifu. Rabi Eleazar ben Azaria akasema, mara moja katika miaka 70. Rabi Tarfon na Rabi Akiva wakaenda mbali zaidi: kama wao wangekuwa barazani, asingeuawa mtu kamwe. Talmudi inauliza wangefanyaje, na inajibu kwamba wangewauliza mashahidi kama marehemu alikuwa mzima au alikuwa na ugonjwa ambao ungemuua hata hivyo. Na wakijibu kwamba alikuwa mzima? Wangeulizwa tena: wanajuaje kwamba pale upanga ulipoingilia hapakuwa na tundu tayari? Neno la mwisho kwenye kifungu hicho ni la Rabani Simeon ben Gamliel, aliyesema watu kama hao wangezidisha wamwaga damu katika Israeli.

Wengi wanaopenda kuinukuu Mishna hii dhidi ya hukumu ya kifo huishia kwa Akiva. Naona hawatendi haki. Simeon ben Gamliel si mkatili aliyewekwa pale ili Akiva ang'ae. Alikuwa amenusurika katika mauaji ya Betar, ngome ya mwisho ya uasi wa Bar Kokhba iliyoangushwa na Warumi mwaka 135, na alijua damu ilivyo. Akiva naye hakuwa mtu wa kuchukia upanga, kwani aliuunga mkono uasi huo, na Warumi wakamuua kwa mateso. Isitoshe, aliyepanga Mishna, Yehuda ha-Nasi, alikuwa mwana wa huyo Simeon. Mwana alimwachia baba neno la mwisho, na hakuyafuta ya Akiva.

Lazima pia isemwe kwamba mjadala huu ulifanywa na watu wasio na mahakama. Talmudi yenyewe inasimulia kuwa miaka 40 kabla ya Hekalu kubomolewa mwaka 70, Baraza Kuu la watu 71 lilihama kutoka Ukumbi wa Mawe ya Kuchonga hekaluni, na kesi za roho zikakoma. Chini ya Roma, mamlaka ya kuua yalikuwa ya liwali wa Kirumi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya utaratibu nilioueleza huenda haikutumika hivyo siku yoyote. Je, ni rahisi kuwa na huruma usipokuwa na serikali? Bila shaka. Lakini watu wasio na dola wangeweza vilevile kuota dola ya kulipiza kisasi, na wengi duniani wameiota hiyo. Hawa waliota mahakama inayoshindwa kuua.

Lakini hawakuiota kwa ukamilifu, na hapa ndipo habari inapokuwa ngumu. Walipokwisha kufunga mlango wa mbele walibakiza ya pembeni. Muuaji ambaye hatia yake inajulikana lakini ushahidi wake una kasoro aliwekwa, kwa mujibu wa Mishna na Talmudi, katika chumba kisichozidi kimo cha mtu, akala mkate wa dhiki na maji ya shida. Mhalifu sugu naye alifungiwa humo na kulishwa shayiri hadi tumbo lake lipasuke. Mfalme aliruhusiwa kuua bila masharti ya baraza. Na Rabi Eliezer ben Yaakov alipokea kwamba mahakama yenyewe inaweza kupiga na kuadhibu nje ya sheria pale hali ya wakati inapodai; akamtaja mtu aliyepigwa mawe zamani za Wayunani kwa sababu tu alipanda farasi siku ya Sabato.

Mfano wa kutisha zaidi unamhusu yule yule Simeon ben Shetach wa gofuni. Mishna inataja, kwa kupita, kwamba alitundika wanawake 80 kwa siku moja huko Ashkeloni, ilhali sheria hairuhusu kesi mbili za roho kwa siku moja. Talmudi ya Yerusalemu inasema walikuwa wachawi. Kisha inaongeza kwamba watu fulani walimshuhudia uongo mwana wa Simeon, naye akahukumiwa kufa. Njiani mashahidi wakakiri uongo wao. Baba akataka kumrudisha, mwana akakataa, kwa kuwa shahidi aliyekwisha kusema hawezi kulikana neno lake, na kumwokoa yeye kungekuwa kuivunja sheria. Kwa muuaji wa gofuni, Simeon aliishika sheria. Kwa wanawake wa Ashkeloni aliiacha. Kwa mwanawe aliishika tena. Talmudi haijaribu kuvipatanisha visa hivi vitatu, na sioni kwa nini mimi nijaribu.

Makosa yasiyofikia kifo yalishughulikiwa kwa mkono huo huo wa kupunguza makali. Jicho kwa jicho, walisisitiza, maana yake ni fidia ya fedha, na mojawapo ya hoja zao ilikuwa: kipofu akimtoboa mtu jicho, utamtoboa lipi? Aliyejeruhi alilipa kwa mafungu matano: thamani ya kiungo, maumivu, matibabu, kazi iliyopotea, na aibu. Viboko vilikuwa 39, badala ya 40 vya Torati, ndiyo maana Mtume Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba alipigwa mara tano arobaini kasoro moja. Mwili wa mhukumiwa ulikadiriwa kwanza, na hesabu ikapunguzwa hadi idadi anayoweza kuistahimili. Akijichafua kwa maumivu, viboko vilisimama. Alipokwisha kupigwa, walifundisha, amerudi kuwa ndugu yako. Na tukirudi kwenye kifo, mwana mkaidi na mwasi, ambaye Kumbukumbu la Torati linaagiza apigwe mawe, aliwekewa masharti mpaka Rabi Yehuda akadai baba na mama yake lazima wafanane kwa sauti, sura na kimo. Hitimisho likawa kwamba mwana huyo hajawahi kuwepo wala hatakuwepo, ingawa Rabi Yonatani alisimama akadai amemwona na ameketi juu ya kaburi lake.

Ninachokipenda kuliko vyote ni miji ya makimbilio. Aliyeua bila kukusudia alihamishiwa katika mmoja wa miji hiyo, akae humo hadi kuhani mkuu afe. Mwanafunzi akihamishwa, mwalimu wake alihama naye, maana maisha bila mafundisho hayahesabiwi kuwa maisha. Na kwa kuwa mhamishwaji angeweza kuomba kuhani afe mapema, mama za makuhani wakuu waliwapelekea watu hao chakula na nguo, ili wasiwaombee wana wao mabaya. Sijui sheria nyingine ya jinai iliyomkumbuka mama wa mtu asiyehusika na kesi.

Mara chache Wayahudi walipopata tena mamlaka ya kuua, milango ya pembeni ndiyo iliyotumika. Rabi Asher ben Yehiel, aliyehama Ujerumani na kuwa rabi wa Toledo mwanzoni mwa karne ya 14, alistaajabu kukuta mahakama za Kiyahudi za Uhispania zikihukumu watu kufa kwa idhini ya mfalme, jambo ambalo hakulisikia katika nchi nyingine yoyote. Hata hivyo alilikubali, kwa hoja kwamba wafalme wangemwaga damu nyingi zaidi.

Israeli ya leo haifuati Mishna katika jinai. Mwaka 1954 bunge lake lilifuta hukumu ya kifo kwa mauaji ya kawaida, likaibakiza kwa makosa ya Wanazi na mengine machache. Adolf Eichmann, mmoja wa waratibu wa mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi, alinyongwa mwaka 1962. Mwaka 1988 John Demjanjuk alihukumiwa kunyongwa baada ya manusura wa Treblinka, kambi ya maangamizi huko Poland, kuapa mahakamani kwamba ndiye mlinzi katili waliyemwita Ivan wa Kutisha. Rufani ilipokuwa ikiendelea, mafaili yakafunguliwa katika Urusi ya baada ya ukomunisti, na ndani yake walinzi wa zamani wa kambi hiyo walimtaja mtu mwingine, Ivan Marchenko. Mwaka 1993 Mahakama Kuu ya Israeli ilimwachia Demjanjuk kwa sababu ya shaka. Manusura walilia kwa hasira. Walikuwa na hakika. Miaka 18 baadaye, mwaka 2011, mahakama ya München ilimtia hatiani kwa kushiriki mauaji ya maelfu ya Wayahudi, si Treblinka, bali Sobibor. Alikata rufani, na mwaka 2012 akafia katika nyumba ya kulelea wazee nchini Ujerumani kabla haijasikilizwa.